Mwanamke Mwenye Ulemavu Mbele ya Sheria: Uchunguzi Kutoka Chemba

Katika maelezo haya nakusudia kuzifuata hatua ambazo Serikali ya nchi yetu ilizipitia mpaka ikafika kumtambua mwanamke mwenye ulemavu kuwa ni mtu mwenye haki zake mwenyewe, wala si mtu wa kuhurumiwa tu. Habari hii aghalabu huelezwa kwa njia mbili zilizo mbali mbali: wako waandishi wa haki za wanawake, na wako waandishi wa haki za watu wenye ulemavu. Mwanamke aliye katika makundi yote mawili hutajwa kidogo huku na kidogo huko, na mwisho wake hukosa mahali pa kuketi. Twaona kwamba kosa hili si la waandishi peke yao, maana ndivyo zilivyokuwa sheria zenyewe kwa muda mrefu.

Nimependa kuitazama habari hii kutoka Chemba, katika nyanda za kati, kwa sababu mbili. Kwanza, wilaya hii, iliyogawanywa kutoka Kondoa mwaka 2012, imo katika Mkoa wa Dodoma, na Dodoma ndiyo iliyoamuliwa mwaka 1973 kuwa makao makuu ya nchi. Mtu wa Chemba akitaka kufika penye Bunge husafiri kwa gari chini ya siku moja. Basi ikiwa haki iliyoandikwa Dodoma haikufika Chemba, hatuwezi kuulaumu umbali wa njia. Yatupasa kutafuta sababu nyingine. Pili, Chemba na Kondoa ni mahali panapojulikana sana na wachunguzi wa lugha, kwa kuwa huko hukutana lugha za asili nne: Kirangi na Kigogo, ambazo ni za Kibantu, Kiburunge cha jamii ya Kikushi, lugha ya Wabarabaig, iliyo ya Kinailoti, na Kisandawe chenye vidoko, ambacho bado wataalamu wanabishana juu ya jamaa zake. Katika nchi ya namna hii, swali la haki ni swali la lugha pia: sheria imemwita mtu kwa jina gani, na mtu huyo amelisikia kwa lugha gani?

MAJINA

Hapana budi tuanze na majina. Katika Kiswahili cha zamani watu wengi wenye upungufu wa kiungo huitwa kwa majina ya ngeli ya KI-VI: kipofu, kiziwi, kiwete, kibyongo, kilema. Wako waliosema kwamba ngeli hii, kwa kuwa ndiyo ya vitu, humfanya mtu kuwa kitu. Mimi sikubaliani na rai hiyo moja kwa moja, maana kijana, kiongozi na kinyozi pia wamo humo, wala hakuna anayewadharau kwa sababu ya ngeli yao. Tena upatanisho wa sentensi humrudishia mtu utu wake: twasema kipofu amekuja, hatusemi kipofu kimekuja. Walakini ni kweli kwamba majina haya humtaja mtu kwa kasoro yake peke yake, kana kwamba hana jambo jingine.

Hatua ya pili ilikuwa neno mlemavu. Asili yake ni kitenzi lemaa, na kilema na ulemavu ni ndugu zake. Lakini hili limeingia katika ngeli ya watu. Chama cha Walemavu Tanzania, yaani CHAWATA, kilipoanzishwa mwaka 1981 kililichukua neno hilo kwa fahari. Hatua ya tatu ni ile ya kutanguliza utu: mtu mwenye ulemavu. Shirikisho la vyama hivyo, SHIVYAWATA, hubeba maneno hayo katika jina lake, na sheria ya mwaka 2010 yatajwa vivyo hivyo. Ila yafaa tukumbuke kwamba Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kimeendelea na jina la viziwi. Wenyewe hawakuona haya ya neno hilo, na mchunguzi wa lugha asijione mjuzi kuliko wenye jina.

Sasa litazame vizuri neno hili mtu. Kiswahili hakibagui mume na mke katika ngeli zake. Mtu ni mtu, na yeye ni yeye. Twajivunia tabia hiyo ya lugha yetu, na kwa haki. Lakini ina upande wa pili. Tukisema haki za watu wenye ulemavu, mwanamke yumo ndani bila kuonekana. Tukisema haki za wanawake, mwenye ulemavu yumo ndani bila kuonekana. Lugha haikumfukuza, ila haikumwonyesha pia. Ndiyo maana ilikuwa lazima aitwe kwa jina lake kamili, na historia ninayoieleza ni historia ya kulitafuta jina hilo.

UPOFU WA NYANDA ZA KATI

Mwanzo wa kazi ya kuwasomesha watu wasioona katika Tanganyika uko karibu na Chemba. Mwaka 1950 misheni ya Kianglikana ilifungua shule ya wasioona Buigiri, mashariki ya mji wa Dodoma. Shule nyingine zilifuata, kama ile ya Irente huko Lushoto mwaka 1963. Kazi hiyo ilikuwa ya mashirika ya dini zaidi kuliko ya Serikali, nayo yastahili heshima. Walakini shule ni mahali pa watoto, na upofu wa nyanda hizi kwa sehemu kubwa haukuwa wa watoto.

Katika Mkoa wa Dodoma umekuwako tangu zamani ugonjwa wa vikope, yaani trakoma. Vijidudu vyake huenezwa kwa mikono, kwa nguo na kwa nzi, hasa pale maji yanapokuwa haba. Mtoto huugua mara nyingi. Kila mara kovu hubaki ndani ya kope. Na baada ya miaka mingi kope hujikunja, nywele zake zikakwaruza mboni mpaka nuru ikatoweka. Utafiti mwingi juu ya ugonjwa huu ulifanywa katika wilaya ya Kongwa tangu miaka ya 1980, na jaribio moja la huko, lililotangazwa mwaka 1995, lilionyesha faida ya kuwaosha watoto nyuso pamoja na kuwapa dawa. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema kwamba wanawake hupofushwa na vikope hata mara 4 kuliko wanaume, kwa sababu wao ndio wanaokaa na watoto wagonjwa. Mama huambukizwa na mwana anayembeba.

Jambo hili lina maana kubwa katika habari yetu. Mwanamke wa nyanda za kati aghalabu hakuzaliwa haoni, wala hakukosa shule kwa sababu ya macho. Alipoteza macho akiwa mke na mama, mwenye shamba na jiko lake, na alipoteza kwa kazi ile ile ya ulezi iliyohesabiwa kuwa wajibu wake. Shule haikumhusu tena. Lililomhusu ni ndoa yake, chakula chake na ardhi yake. Kwa hiyo serikali ambayo ingetaka kumtambua ingelazimika kumtafuta huko.

PICHA MBILI ZA AZIMIO

Baada ya Uhuru, waraka uliotangaza nia ya taifa ulikuwa Azimio la Arusha la mwaka 1967. Wengi wameusoma kwa ajili ya siasa ya ujamaa. Mimi nataka tutazame mahali pawili tu. Pa kwanza panasema kwamba katika nchi ya kijamaa kila awezaye kufanya kazi hufanya kazi, na panawataja wachache wanaostahili kutegemea jasho la wenzao, wakiwamo watoto wadogo, wazee wasiojiweza na wenye vilema. Pa pili panakiri kwamba wanawake wa vijijini ndio wanaofanya kazi kuliko watu wote wa nchi hii.

Mahali hapa pawili, kila pamoja peke yake, ni pa huruma na haki. Mwenye kilema asiachwe afe njaa, mwanamke asinyonywe. Lakini ukizileta picha hizi mbili pamoja utaona shida. Mwanamke wa kwanza ni mtendaji kupita wote. Mwenye kilema ni mtu aliyesamehewa kutenda. Je, mwanamke wa Farkwa au Kwa Mtoro aliyepofuka na huku bado anatwanga, anachota maji kwa kushikwa mkono na mtoto, na kupalilia kwa kupapasa, yuko katika picha ipi? Hayuko katika hata moja. Kazi yake haikuonekana kwa kuwa alihesabiwa asiyejiweza, na ulemavu wake haukuonekana kwa kuwa kazi ilikuwa ikifanyika.

Katiba ya mwaka 1977 ilifuata njia hiyo hiyo. Ibara ya 11 yaagiza kuwekwa utaratibu wa mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Ni ahadi njema, ila ulemavu umewekwa pamoja na hali za kutojiweza. Ibara ya 13, inayokataza ubaguzi, haikulitaja neno jinsia mpaka Katiba iliporekebishwa mwaka 2000. Na katika orodha ile ya sababu za ubaguzi ulemavu haukuandikwa kwa jina lake. Msomaji ataona kwamba mwanamke alipata kuingia katika ibara ya haki baada ya miaka 23, na mwenye ulemavu akabaki katika ibara ya msaada.

SHERIA ZA MWAKA 1982

Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 1981 kuwa Mwaka wa Watu Wenye Ulemavu. Mwaka uliofuata Bunge la Tanzania lilitunga sheria mbili. Sheria Namba 2 ya 1982 ilihusu ajira: mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi aliagizwa awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 2. Sheria Namba 3 ilihusu malezi na matunzo, ikaugawa mzigo huo kwa jamaa, kwa serikali za mitaa, kwa Serikali Kuu na kwa mashirika.

Haifai kuzibeza sheria hizi. Kabla yake jambo lenyewe lilikuwa sadaka. Baada yake likawa sheria. Walakini tuzipime kwa kipimo cha Chemba. Ni mwajiri gani huko Goima au Mondo aliyekuwa na wafanyakazi 50? Sheria ya ajira ilisema na mji, ilisema na kiwanda na ofisi, na mle mjini wenye ajira walikuwa wanaume zaidi. Sheria ya matunzo ndiyo iliyofika kijijini. Nayo ilipouweka mzigo kwa jamaa, iliuweka kwa wanawake, kwa kuwa katika nyumba zetu mtunzaji ni mwanamke. Basi ikiwa mtunzaji mwenyewe ndiye aliyepofuka, nani amtunze? Hilo halikuulizwa.

NJIA YA WANAWAKE

Wakati huo huo njia ya pili ilikuwa ikichongwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa na mume na mke kwa pamoja. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, iliamua kwamba kazi ya mke nyumbani nayo ni mchango katika uchumi huo. Mwaka 1985 Tanzania iliyaridhia Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza, kwa hukumu ya Jaji Mwalusanya, ilikataa mila iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Na mwaka 1995 Mtanzania, Bi Gertrude Mongella, alikuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake huko Beijing.

Hizi zilikuwa hatua kubwa. Lakini Mapatano yale hayakutaja mwanamke mwenye ulemavu hata mara moja, na kamati yenye kuyasimamia iliona upungufu huo ikatoa pendekezo juu yake mwaka 1991. Ikawa njia mbili zinakwenda sambamba, kama reli, wala hazikutani.

ARDHI

Zilikaribiana katika mahali ambapo pengine msomaji hakupatarajia. Mwaka 1999 Bunge lilitunga Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5, iliyoanza kutumika mwaka 2001. Sheria hiyo huiachia mila iendelee kutawala ardhi ya kijiji, kisha huiwekea mpaka: kifungu cha 20 chasema kwamba mila yo yote ni batili kwa kadiri inavyowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kumiliki, kukaa au kutumia ardhi. Tena kila Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye watu 7, sharti liwe na wanawake wasiopungua 3.

Naomba tusimame hapa kidogo, kwa maana kwa maoni yangu hiki ndicho kifungu chenye uzito kuliko vyote kwa mwanamke wa Chemba. Kwanza, chazungumza juu ya shamba, ambalo ndilo uhai wake. Mtu asiyeona wa Sanzawa hahitaji sana asilimia ya nafasi za ofisini. Ahitaji kwamba akifiwa na mume asiambiwe, wewe huwezi kulima, basi ondoka. Pili, hakimpi msaada, bali chabatilisha tendo la kumnyima. Haki yake imekwisha kuwako. Mila ndiyo inayotakiwa kutoa hoja. Tatu, wanawake na watu wenye ulemavu wamewekwa katika sentensi moja. Ni kweli kwamba wamepangwa mmoja kando ya mwenziwe, hawajaunganishwa kuwa mtu mmoja. Lakini kwa mara hii mwanamke mwenye ulemavu, akisimama upande wo wote, amefunikwa. Sheria ya ardhi ilifanya kwa maneno machache jambo ambalo sheria za ulemavu zilikuwa bado hazijalifanya.

JINA KAMILI

Jina kamili lilikuja baadaye, nalo lilitoka nje. Itifaki ya haki za wanawake wa Afrika, iliyopitishwa Maputo mwaka 2003, iliweka ibara ya 23 kwa ajili ya wanawake wenye ulemavu peke yao. Tanzania iliiridhia mwaka 2007. Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, ya mwaka 2006, yalikiri katika ibara ya 6 kwamba wanawake na wasichana wenye ulemavu hupatwa na ubaguzi wa namna nyingi kwa wakati mmoja. Tanzania iliyaridhia mwaka 2009. Ndani ya nchi, Sera ya Taifa ya mwaka 2004 ilitangulia, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010, ikafuata. Sheria hii ilipandisha kiasi cha ajira hata asilimia 3 kwa mwajiri mwenye watu 20 au zaidi, ikaunda Baraza la Ushauri la Taifa, na ikaagiza kamati za watu wenye ulemavu zishuke mpaka kijijini.

Wala wanawake wenyewe hawakungoja tu kuitwa. Dokta Elly Macha, ambaye hakuwa na uwezo wa kuona, aliandika katika Chuo Kikuu cha Leeds tasnifu juu ya jinsia, ulemavu na elimu katika Tanzania. Yaani aliyaweka pamoja yale ambayo sheria iliyatenga. Aliingia Bungeni mwaka 2015, akafariki mwaka 2017 akiwa mbunge. Bi Al-Shymaa Kwegyir, mwenye ualbino, aliteuliwa kuwa mbunge mwaka 2008, wakati watu wenye ualbino walipokuwa wakiwindwa na kuuawa. Mwaka 2014 Bunge Maalum la Katiba lilipoketi Dodoma, nafasi 20 kati ya zile 201 za makundi zilitengwa kwa ajili ya vyama vya watu wenye ulemavu. Mwaka 2017 Bi Stella Ikupa, na mwaka 2020 Bi Ummy Nderiananga, waliteuliwa kuwa manaibu waziri katika Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo ndiyo yenye kusimamia mambo haya. Wote wawili ni wanawake wenye ulemavu, na Bi Nderiananga alikuwa kabla ya hapo mwenyekiti wa SHIVYAWATA.

KUTOKA DODOMA HADI KIJIJINI

Twaweza basi kusema kwamba kazi ya kuandika imekwisha kwa sehemu kubwa. Kazi ya kufikisha haijakwisha, na hapa narudi Chemba.

Tuchukue mfano wa mkopo wa halmashauri. Mwaka 2018 sheria ya fedha za serikali za mitaa ilirekebishwa ili kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023, ukarejeshwa mwaka uliofuata. Hesabu yake ni nzuri, lakini zile njia mbili za zamani zimerudi ndani yake. Mwanamke mwenye ulemavu akienda kwa kikundi cha wanawake, yaweza kusemwa, fungu lako ni lile la walemavu. Akienda kwa lile la asilimia 2, atakuta fungu dogo kuliko yote, na ndani yake atashindana na wanaume. Mahali panapotengwa mafungu kwa makundi, mtu wa makundi mawili yapasa aandikwe waziwazi, ama sivyo haki yake mara mbili hugeuka kuwa nusu.

Kadhalika hesabu ya watu. Uchunguzi wa mwaka 2008 ulikuta kwamba asilimia 7.8 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi walikuwa na ulemavu. Sensa ya mwaka 2022 ilitaja asilimia 11.2. Tusikimbilie kusema kwamba ulemavu umeongezeka, kwa kuwa namna ya kuuliza hubadili jibu. Mwanamke ambaye macho yake yamefifia kidogo kidogo kwa vikope, ukimwuliza kama yeye ni kipofu au mlemavu, yumkini atakataa. Ukimwuliza kama apata taabu kuona, atakubali. Neno moja humwingiza katika hesabu au humtoa.

Lakini kizuizi kikubwa ni lugha ya sheria yenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji na ile ya mwaka 2010 zilitungwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu ndipo Bunge lilipobadili mambo ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kabla ya hapo, haki ya mwanamke wa Chemba ilifungiwa nyuma ya milango mitatu: Kiingereza cha sheria, Kiswahili cha ofisi, na maandishi ambayo macho yake hayawezi kuyasoma, au maneno ambayo masikio yake hayawezi kuyasikia. Mlango wa kwanza umeanza kufunguliwa. Miwili bado, na kwa Msandawe au Mburunge mzee, Kiswahili chenyewe chaweza kuwa lugha ya ugenini.

Hapa ndipo wajuzi wa lugha wanapohusika. Twahitaji kujua jinsi kila moja ya lugha za Chemba inavyomtaja mtu asiyeona, asiyesikia, asiyetembea; kama majina hayo ni ya kudharau au ya kueleza tu; na ni neno gani katika kila lugha litakalobeba maana ya haki bila kuigeuza kuwa sadaka. Twahitaji kifungu cha 20 kiandikwe kwa Kiswahili chepesi, kisemwe kwa Kirangi, Kigogo, Kiburunge na Kisandawe, na kionyeshwe kwa lugha ya alama, ili wale wanawake 3 wa Baraza la Ardhi wawe nacho kinywani siku mjane asiyeona atakaposimama mbele yao.

Serikali imechukua karibu nusu karne, tangu Azimio hadi mwaka 2010, kulipata jina la mwanamke huyu na kuliandika. Ni hatua ya kushukuriwa. Walakini jina lililoandikwa Dodoma lisipotamkwa Chemba, na likatamkwa kwa namna ambayo mwenyewe atalijua kuwa ni lake, bado hajaitwa.